Uzi wa Njano Ndani ya Kompyuta ya Mariette

Kuna watu hapa Rubondo ambao jioni ikikaribia wanasogeza viti vyao hadi kando ya njia ili wamwone Mariette akipita na kompyuta mgongoni. Wanamcheka. Mmoja anamuuliza kama mtoto ameshaota meno. Mwingine anamwambia amnyonyeshe kabla hajalia. Mimi ni fundi cherehani, nawajua wote kwa vipimo vya viuno vyao, na leo nawaambia kwa maandishi: atakayecheka tena baada ya kusoma haya, sare ya mwanawe akaishoneshe kwingine.

Mariette alifika kutoka Kivu ya Kusini miaka kumi na mmoja iliyopita, mwanamke mrefu asiyejua kuongea polepole, na mkononi alikuwa na kamera. Sisi tuliomtangulia tulifika tumebeba magodoro na masufuria. Mumewe alikuwa mpiga picha wa harusi kule Uvira. Alipokufa, Mariette alimzika Alhamisi, na Jumamosi akashika kamera akaenda kupiga harusi ambayo mumewe alikuwa ameahidi. Hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, anapiga filamu za harusi na za kwaya, lakini zaidi za misiba, kwa sababu watu wetu wametawanyika. Mama anazikwa Rubondo, mtoto mmoja yuko Australia, mwingine Kanada, na hakuna atakayepata ruhusa ya kuja kutupa udongo kaburini. Mariette anawapelekea mazishi kwa picha.

Tunatumia chumba kimoja karibu na kanisa. Cherehani yangu iko dirishani, meza yake iko nyuma. Ananiita Yaya, kama kwetu mtu anavyomwita dada mkubwa, ingawa hatukunyonya ziwa moja. Ana hasira za karibu, na mimi pia. Chumba kile kina watu wawili na hasira za watu wanne.

Mwezi wa kwanza mwaka huu wezi walivunja mlango wetu. Hawakubeba kompyuta. Walifungua sipiyu, yaani lile sanduku lenyewe, wakatoa kitu kimoja tu, kadi ya picha. Kompyuta ya Mariette bila kadi hiyo haionyeshi kitu kwenye skrini, na hata ingeonyesha, filamu isingekatika wala kuunganishwa. Mwizi alijua hilo. Skurubu alizozifungua alizipanga mezani, nne kwa mstari, kama mtu aliyemaliza kazi halali. Mariette alipoziona zile skurubu alikaa chini sakafuni. Mimi nilitukana kwa ajili yetu sote wawili. Nilimtukana mwizi, mama yake, na kijiji chao, ambacho mpaka leo sikijui. Wanaosema hasira hasara hawajawahi kupangiwa skurubu.

Sasa nieleze desturi yetu, maana mtu wa mbali hawezi kuijua. Hapa kila mwenye mashine huitoa moyo jioni. Mwenye kinu cha kusaga mahindi anavua mkanda wa injini anautia begani na kwenda nao nyumbani. Mwenye pikipiki anafungua plagi anaiweka mfukoni. Mimi nachomoa kile kikopo kidogo cha chuma kinachoshika bobini chini ya sindano, na usiku kinalala kwenye kikombe karibu na kichwa changu. Mwizi akibeba cherehani bila kikopo, amebeba chuma cha kufungia mbuzi. Tumeishi hivyo miaka yote na hakuna aliyetufundisha ila wizi wenyewe.

Mariette alipopata kadi nyingine, baada ya kupiga harusi saba mfululizo, mimi ndiye niliyemshauri. Nakumbuka maneno yangu yote, kwa bahati mbaya.

"Mariette, toa moyo yake kila jioni, ulale nayo. Mimi nafanya vile na cherehani yangu tangu zamani. Haijaniletea shida hata siku moja."

"Yaya, ile kitu ni fine, ni nyembamba. Itachubuka."

"Nitakushonea mufuko."

Nikamshonea. Nilichukua vipande vya kitenge cha njano vilivyobaki kwenye gauni la mke wa mchungaji, nikatengeneza mfuko mdogo wenye kamba ya kuvaa shingoni. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Kwa nje uling'aa, nami nilijisifu kwa kila mteja aliyeuona.

Basi kuanzia mwezi wa pili, kila jioni Mariette alipiga magoti, akafungua ubavu wa sipiyu, akachomoa kadi, akaiingiza kwenye mfuko wangu na kuuvaa ndani ya blauzi. Asubuhi aliirudisha. Mwanzoni alikuwa anaishika kwa vidole viwili na kushusha pumzi. Baada ya miezi mitatu alikuwa anaichomeka bila kutazama, huku anabishana nami habari za bei ya mkaa. Mimi nikimwona nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu sasa amekuwa mtu wa Rubondo.

Mwezi wa kumi mama Eugénie akafa. Wengi mnamjua mumewe, mzee Appolinaire, yule anayelima maharage nyuma ya kisima. Mama huyu aliumwa muda mrefu, akapelekwa Mbarara kwenye hospitali ya misheni ya Ruharo, na alipoona mambo yanaelekea wapi akaagiza Mariette aitwe na kamera. Hakutaka picha ya kitandani. Alitaka kuongea na watoto wake watatu, Grâce aliye Australia, Joël wa Norwe, na Déo wa Kanada, kila mmoja peke yake, kwa maneno yake. Mariette alikaa naye siku mbili. Aliporudi alihamisha kila kitu kwenye kompyuta, kisha akafuta kamera, kwa sababu kadi ya kumbukumbu ya kamera anayo moja tu na kesho yake kulikuwa na ubatizo. Hiyo ndiyo kazi yake siku zote, hamisha, futa, piga tena.

Siku ya kumaliza kilio ilipangwa Jumapili. Watoto wote watatu wangekuwa kwenye simu saa ile ile, filamu ingeonyeshwa kanisani, na wao wangeiona kwa mbali. Walikuwa hawajasikia hata neno moja la yale aliyoyasema mama yao. Mzee Appolinaire alipita kila asubuhi mlangoni kwetu, anavua kofia, anauliza: "Mutoto wangu Mariette, mama anaendelea?" Mariette anamjibu: "Anaendelea muzuri, Papa." Walikuwa wanaongea habari za filamu, lakini mtu mwingine angewasikia angedhani mama yu hai.

Alhamisi asubuhi Mariette akachomeka kadi, akawasha. Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

Akazima, akachomoa, akapuliza, akachomeka. Nyeusi. Akafanya hivyo mara nane, kila mara kwa nguvu zaidi, na mimi badala ya kumzuia nilimwambia aisukume vizuri iingie.

"Haiwake, Yaya. Mama Eugénie mwenyewe eko humu ndani na haiwake."

"Ni ile mutu wa Kakoba," nikasema. "Alikuuzisha kadi ya kuoza. Banatujua sisi bakimbizi, banajua hatuwezi kurudi kugomba."

Nilisema hivyo bila ushahidi wowote. Lakini nilikuwa na ushahidi wa mambo mengine. Nimewahi kuuziwa Mbarara uzi uliooza ndani ya kifuniko kipya. Nimewahi kuulizwa dukani kama pesa yangu ni ya msaada. Ukiyakusanya ya miaka kumi na mitano, yanatosha kumhukumu mtu yeyote kabla hajafungua mdomo. Mariette alizima feni, akafunga sipiyu kwa shuka, akasema: "Kesho atanijua."

Ijumaa tulipanda taksi ya kwanza. Mimi niliacha suruali tatu za watu zikingoja, kwa sababu sikutaka kukosa ugomvi ule. Njia nzima nilimchochea. Kila hasira yake ilipotaka kupoa, niliongeza kuni.

Duka la Ridhiwan liko Kakoba, mtaa wa Mbarara, kwenye barabara ambayo bodaboda zinakatiza mbele ya miguu yako kana kwamba hukuzaliwa na mama. Ni mtu wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Mkewe, Nabilah, anauza vifuniko vya simu upande mmoja wa duka hilo hilo. Ridhiwan ndiye aliyemuuzia Mariette kadi ile mwezi wa pili na kuiweka kwa mikono yake. Wateja walikuwa wanne. Mariette aliweka sipiyu juu ya kaunta, juu ya karatasi za mtu, na akaanza.

Sitayarudia yote. Alimwita mwizi mwenye risiti. Alimwambia kuwa wezi wa Rubondo wana adabu kuliko yeye, maana wale hupanga skurubu. Mimi nikadakia kwamba wao wanatuuzia takataka wakijua hatuna pa kushtaki, na kwamba Mungu anayeabudiwa msikitini ni huyo huyo anayeona kaunta. Wateja watatu waliondoka. Wa nne alibaki kwa raha zake.

Ridhiwan alingoja tuishiwe pumzi.

"Nyabo," akamwambia Mariette, kama mwanamke anavyoitwa hapo kwa heshima, "mimi hapana mwizi. Mimi nauza kitu nzuri. Lakini sasa ni saa ya Ijumaa. Kaeni hapa. Nikirudi tutafungua."

Akavua miwani, akachukua kofia yake, akaenda. Adhana ilikuwa imeshaanza. Nabilah alituletea chai, kisha mtoto akalia nyuma ya pazia, naye akaingia huko. Yule mteja akatoka kungoja barazani, tukabaki wawili tu ndani ya duka la mtu tuliyetoka kumtukana. Rafuni kulikuwa na kadi za picha kumi au kumi na mbili, zingine bila hata boksi. Mlango ulikuwa wazi mpaka mwisho.

Nawaambia ukweli, mlango ule ulinikasirisha kuliko kitu chochote siku ile. Nilikaa pale na kikombe cha chai nikiutazama. Huyu mtu anaenda kusali na kuacha mioyo kumi ya kompyuta mikononi mwa watu wasiomjua, na akirudi ataikuta. Haoni hata kwamba amefanya jambo. Mimi nyumbani nalala na kipande cha chuma kwenye kikombe. Nilitaka kuiba kadi moja ili nimfundishe. Mariette aliniona ninavyotazama.

"Yaya, usifanye ujinga."

"Sifanye kitu. Ninakunywa chai."

Ridhiwan akarudi, akalikunja shuka letu vizuri na kuliweka pembeni, akafungua ubavu wa sipiyu. Akachomoa kadi, akaitazama chini ya taa, akaichomeka kwenye kompyuta yake. Ikawaka mara moja. Skrini yake ilijaa rangi.

"Kadi ni mzima," akasema.

Mariette akainama kuitazama skrini ile kwa karibu.

Ridhiwan akalaza sipiyu, akawasha tochi ya simu, akachukua kioo cha kukuzia akainama kwenye ule ubao mkubwa wa ndani, ambao mafundi wanauita mazabodi. Kuna mfereji mrefu mwembamba hapo ambamo kadi inaingia. Wenyewe wanauita sloti. Akatazama muda mrefu. Kisha akampa Mariette kioo. Mariette akatazama, akanipa mimi.

Ndani ya mfereji kuna pini za shaba, nyembamba kuliko sindano yoyote niliyowahi kushika, zimejipanga pande mbili kama meno ya kitana. Pini nne zilikuwa zimepinda, moja imelala juu ya mwenzake. Ya tano ilikuwa imekatika.

"Nani amekuwa natoa hii kadi?" Ridhiwan akauliza.

"Mimi," Mariette akasema.

"Mara ngapi?"

"Kila jioni. Asubuhi ninarudisha."

Ridhiwan aliweka tochi chini. Akahesabu kwa vidole, miezi na siku. "Banange. Hiyo inapita mara mia mbili. Nyabo, hii kitu hapana mlango. Unaweka kadi, inakaa. Mwaka, miaka, inakaa. Hapana fungua-funga, fungua-funga. Kwa nini unatoa?"

"Bezi banaiba."

"Si ufunge duka?"

Mariette akacheka, na kile kicheko hakikuwa cha furaha. "Weye unafungaka na nini? Unaenda kusali mulango wazi, unarudia unakuta vyote. Kwetu banavunja mulango, banavunja kufuli, banavunja na ukuta. Mbona hukuniambia siku ile ya kununua? Ungesema usitoe."

"Mimi ningejua namna gani? Hakuna mtu anatoa!"

Walikuwa wanapiga kelele sasa wote wawili, na wote wawili walikuwa na haki. Hiyo ndiyo inayoniudhi mpaka leo. Ningependa mmoja awe mkosaji.

Ridhiwan akarudi kwenye sloti na kibano kidogo. "Ngoja," akasema. "Kutoa kila siku ni mbaya, lakini hizi pini zote zimevutwa upande moja. Kitu kimezivuta." Akaingiza kibano, akakamata kitu, akavuta polepole. Akakiweka juu ya karatasi nyeupe.

Ulikuwa uzi. Urefu wake haufiki kucha ya kidole gumba, na rangi yake ilikuwa ya njano.

Niliutambua kabla hajauachia. Mtu anaweza kusahau sura ya mteja wake, lakini kitambaa alichokikata hakisahau. Nikaona mfuko ule wote kichwani mwangu, na hasa ndani yake. Kwa nje nilikuwa nimeupiga pindo mara mbili. Kwa ndani niliuacha hivyo hivyo, mshono mbichi, nyuzi zikichanika, kwa sababu ulikuwa mfuko wa bure na nani atatazama ndani. Kila jioni ukingo wa kadi ulikwaruza nyuzi zile. Kila asubuhi nyuzi ziliingia kwenye sloti pamoja na kadi, zikajizungusha kwenye pini, na jioni Mariette akiichomoa kadi, pini zilivutika na nyuzi.

"Hii uzi imetoka wapi?" Ridhiwan akauliza.

Mariette akatoa mfuko shingoni, akauweka juu ya kaunta. Ridhiwan akaugeuza ndani nje. Nyuzi za njano zikaning'inia.

"Nani alishona hii kitu? Nani mjinga alikufundisha kuweka kadi ndani ya nguo, kutoa kila siku?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Tepu ya kupimia ilikuwa shingoni mwangu, na sindano tatu kwenye kola ya blauzi, kama ninavyotembea siku zote. Mdomo wangu, ambao saa moja iliyopita ulikuwa umemshtaki mtu kwa Mungu wake, ulikauka.

"Nilishona mwenyewe," Mariette akasema. "Hakuna mutu alinifundisha."

Mariette hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Vifungo vyake namshonea mimi.

Alipokea pale matusi yote yaliyokuwa yangu. Ridhiwan alimwambia ametukana watu wazima kwa ujinga wake mwenyewe. Alimwambia mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nabilah alitoka nyuma ya pazia na mtoto begani akasikiliza. Yule mteja aliyebaki kwa raha zake akatikisa kichwa. Mariette, ambaye hajawahi kunyamaza hata kanisani, alisimama akitazama kaunta, akasema: "Nisamehe, Papa. Nilikutukana bure." Kisha: "Mama mumoja eko humo ndani. Anapaswa kuongea Jumapili."

Akamweleza habari za Eugénie. Ridhiwan alisikiliza, akafuta miwani, na hasira yake ikashuka kidogo, ingawa haikwisha. Akasema video ziko kwenye diski na diski ni nzima, ila kompyuta zake za dukani ni za kuandikia tu, haziwezi kumaliza filamu. Lazima sloti hii ipone. Alijaribu kunyoosha pini ya kwanza kwa ncha ya bisibisi, lakini vidole vyake ni vinene, na ile pini ikazidi kulala. Akaacha. Akanitazama, akaona sindano kwenye kola.

"Wewe ni fundi ya nguo? Macho yako iko sawa?"

Nikatoa sindano ndogo kuliko zote. Yeye akashika tochi na kioo. Mariette akashika sanduku lisitikisike. Nikaingiza ncha chini ya pini ya kwanza nikainyanyua, pumzi nimeibana, kidogo, kidogo tena, mpaka ikasimama sawa na wenzake. Ya pili. Ya tatu ilikuwa ndiyo iliyolala juu ya jirani yake, nayo ilinichukua muda mrefu mpaka jasho likanidondokea kwenye mkono. Ya nne. Ile iliyokatika hatukuwa na la kuifanyia. Ridhiwan akapuliza vumbi, akafuta kadi, akaichomeka yeye mwenyewe kwa kusukuma pande zote mbili sawasawa, akawasha.

Skrini ikawaka.

"Itatembea pole pole kuliko zamani, lakini itatembea," akasema. Akaweka tone la gundi ya moto kwenye pembe ya kadi ili isitoke tena. Halafu akamwambia Mariette, huku ananionyesha mimi kwa kidevu: "Shukuru huyu dada yako. Ana mkono mzuri sana."

Mariette akanitazama. Akaokota mfuko wa njano, akaukunja mara mbili, akautia ndani ya pochi yake.

Njiani kurudi nilijiambia nitasema tukifika. Tulipofika nikajiambia filamu kwanza. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

Mariette alifanya kazi Ijumaa jioni na Jumamosi nzima, na kwa sababu kompyuta ilikuwa nzito, kila kipande kilichukua mara mbili ya muda wake. Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Simu tatu ziliwekwa mbele, kila moja na sura ya mtoto mmoja ndani yake. Mzee Appolinaire alikaa benchi la kwanza bila kofia. Na mama Eugénie akatokea ukutani, amefungwa kitambaa kichwani, akaanza kugomba. Hakulia hata kidogo. Alimwambia Joël aache kumtumia baba yake viatu vya ngozi, miguu inavimba, amtumie picha za watoto wasiovaa miwani ya jua ili awaone macho. Alimwambia Déo aoe au aseme haoi, watu wachoke kuuliza. Alimwambia Grâce: "Weye hukunikosea kitu. Ulienda kwa sababu mimi nilikuambia uende. Usijilaumu tena." Grâce, kule kwenye simu, aliweka mkono mdomoni. Mzee Appolinaire akasema kwa sauti, "Ndiyo, mama," kama alivyomjibu miaka arobaini.

Watu walipotoka, nilimkuta Mariette peke yake anakunja waya. Nikaona nisipofungua mdomo sasa sitaufungua tena.

"Mariette, ule uzi ulikuwa wangu. Mufuko niliushona vibaya. Na mambo ya kutoa moyo, mimi njo nilikufundisha. Unisamehe."

Hakuacha kukunja waya.

"Yaya, uzi sina shida nayo. Uzi ni uzi. Ulinishauri kwa wema, nilijua." Akaufunga waya kwa nguvu. "Lakini ulikuwa pale. Ile mutu aliuliza nani, na weye ulikuwa pale na sindano zako. Nilisema mimi, nikangoja utasema hapana. Nilingoja sana. Leo unaniambia hapa, peke yetu. Pale njo kulikuwa fasi yake ya kusema."

Nikaokota waya mwingine nikaanza kuukunja.

Kadi sasa haitoki. Mlango wetu bado ni ule ule wa mbao uliovunjwa mwezi wa kwanza, na wezi bado wapo, wengine pengine wanasoma haya. Kwa hiyo Mariette anabeba sipiyu nzima kwenda nyumbani kila jioni na kuirudisha kila asubuhi. Mbeleko anayoibebea nimeishona mimi, ya turubai, kila pindo limekunjwa mara mbili, ndani na nje, na hakuna uzi hata mmoja uliolegea. Aliipokea. Hakuisifu. Bado tunakaa chumba kimoja, bado ananiita Yaya, lakini vifungo vyake siku hizi anapeleka kwa fundi mwingine.

Basi ninyi mnaosogeza viti kando ya njia, mmeshajua. Nimeandika kwa sababu sikusema Kakoba, mbele ya Ridhiwan, na yule mteja, na Nabilah na mtoto wake. Karatasi hii nitaibandika kwenye mlango wa chumba chetu, na nakala nyingine nitampelekea Ridhiwan aisome kwa miwani yake. Mjinga aliyemuulizia ni mimi, Doriane, fundi wa nguo. Jioni Mariette akipita na mzigo wake, mkitaka kucheka, geuzeni viti vyenu mnitazame mimi.